Nani Anaachia, na Lini? Kiambishi hu- katika Miongozo ya Programu za Barua Pepe, kwa Mifano ya Lugha ya Machimbo ya Geita na Shinyanga

IKISIRI

Makala hii inachunguza uhusiano uliopo kati ya hitilafu za programu za kompyuta na sarufi ya miongozo inayoeleza programu hizo. Kisa kinachochambuliwa ni viunganishi vya lugha ya Python vya programu ya barua pepe iitwayo notmuch, ambavyo kati ya mwaka 2010 na 2020 vilipitia mabadiliko makubwa na kuacha nyuma yake maelezo mengi yaliyopitwa na wakati. Hoja kuu ni kwamba mwongozo uliochakaa unamficha msomaji mambo mawili: wakati ambao kauli ilikuwa ya kweli, na mtenda anayehusika na tendo. Katika Kiswahili mambo yote mawili hufichwa na kiambishi kimoja, yaani hu-. Makala inaonyesha kuwa mfumo wa upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili, pamoja na msamiati uliokwisha kukomaa katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Shinyanga, unaweza kumpa mwandishi wa miongozo nyenzo za kuepuka kasoro hiyo.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili za sayansi na teknolojia umedumu kwa miongo mingi. Tangu kuundwa kwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, juhudi kubwa zimeelekezwa katika kuunda na kusanifisha maneno. Tasnifu ya H. J. M. Mwansoko ya mwaka 1990 kuhusu usasaishaji wa istilahi ni mojawapo ya kazi zilizouweka mjadala huo katika misingi ya kitaaluma. Katika uwanja wa kompyuta, hatua iliyoonekana wazi ni ile ya mwaka 2004, wakati mradi uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu na maelezo ya Kiswahili.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hizo imelishughulikia neno peke yake. Swali lililoulizwa mara nyingi ni: kitu hiki kiitweje kwa Kiswahili? Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni: sentensi inayoeleza namna kitu hiki kinavyofanya kazi ijengweje? Mtu aliyekwamishwa na programu haokolewi na orodha ya istilahi. Anaokolewa na maelezo yanayomwambia nini kimetokea, nani amekisababisha, na kama kauli anayoisoma inahusu programu aliyo nayo au ile iliyokuwapo miaka kumi iliyopita.

Suala hili si la wataalamu wa kompyuta wa Dar es Salaam peke yao. Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, mawasiliano ya leseni za madini yamekuwa yakihamia mtandaoni tangu mwaka 2015, ulipoanzishwa mfumo wa kushughulikia leseni kwa njia hiyo. Tuchukue mfano wa kufikirika wa chama cha ushirika cha wachimbaji wadogo ambacho katibu wake amehifadhi maelfu ya barua pepe kuhusu leseni, ada na hati za makosa. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa muda usiozidi miaka 7, kisha huhitaji kuhuishwa. Ikiwa programu aliyoandikiwa katibu huyo ya kutafuta barua zake itaporomoka, au ikiwa itaacha barua moja bila kusema, chama kinaweza kupoteza eneo ambalo watu wengi wanalitegemea kwa riziki.

2.0 Misingi ya Kinadharia

Uchambuzi huu unaegemea mikondo miwili. Wa kwanza ni nadharia ya istilahi iliyoasisiwa na Eugen Wüster, ambayo inasisitiza kwamba dhana hutangulia istilahi. Kwa mujibu wa mkondo huu, kabla ya kulitafutia jina tukio fulani, hapana budi mipaka ya dhana ibainishwe, na dhana jirani zitenganishwe. Wa pili ni nadharia ya matendo ya usemi ya J. L. Austin, ambayo kitabu chake cha mwaka 1962 kilionyesha kuwa kusema ni kutenda. Mwongozo wa programu hautoi taarifa tu: unaahidi kwamba amri fulani itafanya jambo fulani, na unaonya kuhusu hatari. Ahadi isiyo na tarehe wala mwahidi haiwezi kudaiwa.

Kutokana na mikondo hiyo miwili, maswali mawili yanaongoza makala hii. Kwanza, je, neno moja kama "kuharibika" linatosha kutaja hitilafu zote za programu? Pili, je, umbo la kitenzi linalotumiwa katika miongozo linaitekeleza ahadi ya mwongozo au linaidhoofisha?

3.0 Kisa cha notmuch

Programu ya notmuch ilianzishwa na Carl Worth mwaka 2009. Haipokei wala haitumi barua pepe. Kazi yake ni kuzifahirisi barua zilizokwisha kuhifadhiwa katika kompyuta, kuziwekea vitambulisho, na kuziwezesha kutafutwa kwa haraka kwa kutumia injini ya utafutaji iitwayo Xapian. Kiini chake ni maktaba ya programu iliyoandikwa kwa lugha za C na C++. Mtu anayetaka kuitumia maktaba hiyo kutoka katika Python hana budi kupitia kiunganishi, yaani programu inayosimama katikati ya lugha mbili.

Kwa mwanaisimu, kiunganishi ni aina ya tafsiri. Kila kitendo kilichomo katika maktaba ya C hutangazwa upya kwa namna ambayo Python inaielewa. Kiunganishi cha kwanza, kilichoanzishwa na Sebastian Spaeth mwaka 2010, kilitumia nyenzo ya Python iitwayo ctypes. Kwa njia hii mfasiri huandika kwa mkono kwamba kitendo fulani kinapokea vitu vya aina fulani na kurudisha kitu cha aina fulani. Hakuna anayelinganisha tangazo hilo na asili yake. Maktaba ya C ikibadilika na tangazo likabaki lilivyokuwa, Python itaendelea kuita kitendo kwa sura ya zamani, na matokeo yake yanaweza kuwa takataka au kifo cha programu. Kwa maneno mengine, tangazo lenyewe ni mwongozo, nao unaweza kuchakaa.

Mabadiliko ya namna hiyo yalitokea kweli. Katika toleo la 0.13 la mwaka 2012, amri ya kufunga hifadhidata iligawanywa kuwa amri mbili: moja ya kufunga na nyingine ya kuangamiza. Katika toleo hilohilo, kitendo cha kufungua hifadhidata kilianza kurudisha taarifa ya kufaulu au kushindwa, jambo lililobadili sura ya wito wake.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja mwaka 2020. Toleo la 0.30 lilileta kiunganishi kipya kiitwacho notmuch2, kazi ya Floris Bruynooghe, kilichojengwa kwa nyenzo iitwayo CFFI. Hapa matangazo hupitishwa kwenye kompaila pamoja na faili la asili la matangazo ya C, na iwapo maktaba ni ya zamani mno, ujenzi husimamishwa papo hapo. Kiunganishi cha zamani kilitangazwa rasmi kuwa kimepitwa na wakati ingawa kiliendelea kutolewa. Hivyo majina mawili yalikaa bega kwa bega, notmuch na notmuch2, na amri zao hazifanani. Mahali ambapo mfano wa zamani unaandika message.add_tag('leseni'), mfano mpya unaandika message.tags.add('leseni'). Msomaji anayeufuata mfano wa zamani akiwa na kiunganishi kipya peke yake hukwama katika mstari wa kwanza.

4.0 Aina Tatu za Hitilafu

4.1 Kusimama kwa kauli

Aina ya kwanza ni pale programu inaposimama na kutamka sababu. Mtu aliyenakili mfano wa zamani ataona neno ModuleNotFoundError pamoja na jina la kitu kilichokosekana. Programu imekataa kuendelea, lakini imesema. Wasemaji wa kawaida huieleza hali hii kwa kitenzi "kugoma", na istiari hiyo inafaa: mgomaji huacha kazi huku akitaja dai lake.

4.2 Kuporomoka

Aina ya pili ni tofauti kabisa. Programu inakatika ghafla, na mfumo wa kompyuta unatoa maneno mawili tu: "Segmentation fault". Kisarufi, tamko hilo ni nomino iliyokumbushwa na nomino nyingine. Halina kitenzi, halina mtenda, halina wakati. Maana yake ya kiufundi ni kwamba programu imejaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyo na haki nayo.

Ili kuelewa sababu yake katika kisa cha notmuch, yafaa kueleza namna kumbukumbu inavyomilikiwa. Maktaba hiyo inatumia mgawaji wa kumbukumbu aitwaye talloc, aliyetokana na mradi wa Samba. Chini ya talloc, vitu hupangwa kama mti wa ukoo. Hifadhidata ni mzazi. Ombi la utafutaji ni mtoto wake. Orodha ya matokeo inatokana na ombi. Na kila ujumbe unatokana na orodha. Mzazi akiangamizwa, wazao wote huangamia pamoja naye. Python kwa upande wake ina utaratibu mwingine: huhesabu marejeo ya kila kitu, na kitu kisichorejelewa na yeyote huondolewa. Programu inapofikia mwisho wake, mpangilio wa kuondolewa kwa vitu hauna uhakika. Basi yaweza kutokea kwamba hifadhidata imeondolewa ilhali ujumbe bado unashikwa na jina fulani katika Python. Jina lipo, lakini kumbukumbu liliyokuwa likiielekea imekwisha kuachiwa. Atakayeliita jina hilo anakanyaga hewa.

Hali hii ina kielelezo kinachofahamika katika machimbo. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Mgusu au Mwakitolyo hushuka katika shimo liitwalo duara. Neno hili ni mfano mzuri wa upanuzi wa maana: kutoka umbo la mviringo, hadi mdomo wa shimo, hadi shimo zima. Kuta za duara hushikiliwa na matimba, yaani magogo yanayopangwa kuzuia udongo. Mchimbaji aliye chini anategemea kazi iliyofanywa juu yake na watu wengine. Matimba yakiondolewa wakati yeye bado yumo, udongo hautoi onyo: duara linatitia au linaporomoka, na aliyemo anafukiwa na kifusi. Bila shaka uzito wa mambo haya mawili haulingani. Huko Nyangalata, wilayani Kahama, duara lilipoporomoka Oktoba 2015, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na mwenzao alifia humo. Programu inayokatika haimfukii mtu. Ulinganifu uliopo ni wa muundo: katika hali zote mbili aliye chini amepoteza kilichomshikilia kabla hajatoka.

Kwa sababu hiyo makala hii inapendekeza kitenzi "kuporomoka" kwa aina hii ya hitilafu badala ya "kuanguka" au "kuharibika". Kuanguka kunaweza kuwa kwa kitu kilichosimama peke yake. Kuporomoka ni kwa kitu kilichokuwa kikishikiliwa. Zaidi ya hayo, kitenzi hiki kina jozi yake ya usababishi, "kuporomosha", ambayo inamlazimisha msomaji kuuliza: nani ameporomosha? Swali hilo ndilo mwanzo wa utatuzi.

4.3 Kupotoka kimya

Aina ya tatu ni hatari kuliko zote kwa sababu haionekani. Programu haigomi wala haiporomoki. Inatoa jibu lisilo kamili, au jibu lisilolingana na lile la njia nyingine. Mifano miwili ya notmuch inatosha. Wa kwanza: programu hii haioni barua mpya mpaka fahirisi isasishwe kwa amri ya notmuch new. Anayetafuta kabla ya kusasisha atapewa matokeo ya jana kana kwamba ni ya leo. Wa pili: mtu anayetafuta kwa amri ya kawaida huachiwa nje jumbe zenye vitambulisho vilivyotengwa katika mpangilio, ambavyo aghalabu ni vile vya barua zilizofutwa na barua taka. Anayetafuta kupitia kiunganishi haondolewi jumbe hizo mpaka yeye mwenyewe ataje vitambulisho vya kutengwa. Hivyo swali lilelile linatoa idadi mbili, na hakuna hitilafu inayotangazwa. Katibu wa chama chetu cha kufikirika anaweza kuzikuta hati za makosa 12 kwa njia moja na 11 kwa nyingine, asijue kwamba moja iliangukia katika barua taka.

Machimboni hali hii inafanana na ile ya marudio. Baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na mchanga kuoshwa mwaloni, mchanga unaobaki huitwa marudio. Asiyejua huuona kuwa umekwisha. Anayejua anafahamu kuwa bado una dhahabu ambayo njia ya kwanza haikuikamata. Jibu la kwanza la utafutaji, vivyo hivyo, si lazima liwe jibu zima.

5.0 Kiambishi hu- na Kuchakaa kwa Mwongozo

Baada ya kuzitenganisha dhana, swali la pili linahusu sentensi. Tuzichunguze kauli zifuatazo:

(1) Geita ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza.
(2) Mgodi wa Buzwagi huzalisha dhahabu.

Kauli ya (1) ilikuwa sahihi hadi mwaka 2012, Mkoa wa Geita ulipoundwa kutokana na maeneo ya Mwanza, Kagera na Shinyanga. Kauli ya (2) ilikuwa sahihi tangu 2009, mgodi ulipoanza uzalishaji wilayani Kahama, hadi 2021 ulipofungwa. Hakuna herufi hata moja iliyobadilika katika kauli hizo. Kilichobadilika ni dunia. Kilichoziruhusu ziendelee kuonekana za kweli ni umbo lake. Kitenzi kishirikishi "ni" na kiambishi hu- havibebi wakati. Msomaji anayezikuta leo katika kitabu cha zamani haoni ndani ya sentensi dalili yoyote ya kumtahadharisha.

Miongozo ya programu imejaa kauli za namna hii. Tuchukue mfano uliotungwa kwa mtindo wa miongozo hiyo:

(3) Hufunga hifadhidata na kuachia kumbukumbu.

Kauli hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya wakati: hufunga tangu lini, na katika toleo lipi? Kabla ya toleo la 0.13, kufunga kulikuwa pia ni kuangamiza. Baada ya hapo mambo hayo mawili yalitengana. Kauli ya (3) haisemi iko upande gani wa mpaka huo. Ya pili ni ya mtenda. Kama inavyofahamika katika sarufi ya Kiswahili, hu- haipokei kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. Umbo "huachia" ni lilelile iwe anayeachia ni hifadhidata, ni ujumbe, ni Python au ni mtumiaji. Lakini katika mti wa talloc, swali la nani anaachia ndilo linaloamua kama programu itaishi au itaporomoka.

Tofauti inaonekana mara moja tunapotumia maumbo yanayobeba upatanisho:

(4) Hifadhidata inauangamiza ujumbe.
(5) Ujumbe unaiangamiza hifadhidata.

Katika "inauangamiza" neno moja limebeba mzazi, wakati, mtoto na tendo. Kiambishi i- kinaiwakilisha hifadhidata, na kiambishi u- kinauwakilisha ujumbe. Maumbo ya (4) na (5) yanatofautiana kwa mpangilio wa viambishi viwili tu, na tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya maelezo sahihi na maelezo ya uongo. Ni lugha chache zinazompa mwandishi uwezo wa kueleza umiliki kwa ufupi na uwazi wa kiasi hiki. Kuutupa uwezo huo kwa kuandika hu- kila mahali ni hasara ya hiari.

Hata hivyo, upatanisho una mipaka yake. Hifadhidata na orodha zote ziko katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo "inauangamiza" pekee haitoshi kuzitofautisha. Inapotokea vitu viwili vya ngeli moja vinagombea nafasi ya mtenda, mwandishi hana budi kuirudia nomino yenyewe hata kama kurudia huko kunaonekana kuwa kuzito.

Haimaanishi pia kwamba hu- haina mahali pake. Inafaa kwa kauli ambazo hazitegemei toleo, kama vile "Mzazi akiangamizwa, wazao huangamia". Hiyo ni kanuni ya msingi wa talloc, na umbo la mazoea linaistahili. Kasoro inatokea pale tendo la toleo moja linapovikwa vazi la kanuni ya milele.

6.0 Mapendekezo

6.1 Kwa mwandishi wa mwongozo

Kauli ya (3) inaweza kuandikwa upya ifuatavyo:

(6) Kabla ya toleo la 0.13, amri ya kufunga iliifunga hifadhidata na kuziangamiza jumbe zote zilizotokana nayo.
(7) Kuanzia toleo la 0.13 (2012), amri ya kufunga inaifunga hifadhidata na kuliachia kufuli lake, lakini haiziangamizi jumbe. Kuangamiza kumewekewa amri yake.

Kauli hizi ni ndefu kuliko (3), lakini zinazeeka kwa heshima. Miaka 20 baadaye (6) itabaki ya kweli, na (7) itamwambia msomaji mahali pa kuanzia uchunguzi wake. Kwa muhtasari, kila kauli inayoeleza tendo ingefaa iwe na mambo matatu: toleo, mtenda aliyetajwa kwa nomino au kwa kiambishi cha ngeli, na wakati wa kitenzi unaolingana na toleo hilo. Mambo yaliyokoma yaandikwe kwa -li-, na yanayoendelea katika toleo lililotajwa yaandikwe kwa -na-. Aidha, maelezo ya zamani yasifutwe kimyakimya. Msomaji aliye na programu ya zamani bado anayahitaji, na aliye na programu mpya anahitaji kuyatambua anapokutana nayo kwingine.

6.2 Kwa mtatuzi wa hitilafu

Uainishaji wa sehemu ya 4.0 unatoa utaratibu wa utatuzi, kwa kuwa kila aina ina swali lake.

Programu ikigoma, swali ni la wakati: mfano huu ni wa toleo gani? Toleo la programu hupatikana kwa amri ya notmuch --version, na jina la kiunganishi linaonekana katika mstari wa kwanza wa mfano. Mifano inayoanza na import notmuch ni ya kiunganishi cha zamani. Inayoanza na import notmuch2 ni ya kile kilichokuja mwaka 2020.

Programu ikiporomoka, swali ni la mtenda: nani ameachia kumbukumbu mapema? Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, Python ina nyenzo iitwayo faulthandler. Programu ikiendeshwa kwa python3 -X faulthandler, mstari uliokuwa ukitekelezwa wakati wa kuporomoka utaonyeshwa. Kinachofuata ni kuipunguza programu hadi ibaki mistari michache ambayo bado inaporomoka, kisha kuhakikisha kwamba hifadhidata inashikwa na jina lake mpaka kazi yote iishe. Maandishi yanayohitajika baadaye, kama vile kichwa cha barua na tarehe yake, yanakiliwe katika vitu vya kawaida vya Python kabla ya hifadhidata kufungwa. Ni kusema, dhahabu itolewe duarani kabla ya kung'oa matimba. Kiunganishi cha notmuch2 kinasaidia zaidi hapa: kila kitu kinakagua kwanza kama mzazi wake yu hai, na asipokuwa hai kinatoa kauli ya ObjectDestroyedError. Kwa lugha ya makala hii, kimegeuza kuporomoka kuwa kugoma.

Programu ikitoa jibu lenye shaka, swali ni la ukamilifu: nini hakikuhesabiwa, na nini kimehesabiwa kisivyotarajiwa? Fahirisi isasishwe, idadi ya kiunganishi ilinganishwe na ile ya amri ya kawaida, na tofauti ikionekana, vitambulisho vilivyotengwa vikaguliwe.

6.3 Kwa mwalimu wa istilahi

Mfano wa duara, matimba na marudio unadokeza kwamba chimbuko la istilahi si lazima liwe kamusi ya lugha ya kigeni. Wasemaji wa Kiswahili wa Geita na Shinyanga, ambao wengi wao wanazungumza pia Kisukuma, Kisumbwa au Kizinza, wamejenga msamiati wa kazi unaotofautisha kwa makini kinachoshikilia na kinachoshikiliwa, kilichoisha na kinachoonekana kuwa kimeisha. Tofauti hizo ndizo zinazohitajika katika kueleza kumbukumbu ya kompyuta. Wanafunzi wa shahada za juu wanaofanya utafiti wa istilahi wangefaidika kwa kukusanya msamiati wa kazi za mikono kabla ya kuanza kutafsiri orodha za maneno, na kwa kuchunguza vitenzi vyake pamoja na nomino zake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba hitilafu za viunganishi vya notmuch na uchakavu wa miongozo yake vina mzizi unaofanana. Programu inaporomoka pale isipojulikana nani anamiliki kumbukumbu na ni lini anaiachia. Mwongozo unapotosha pale usiposema nani anatenda na ni lini. Kiunganishi cha mwaka 2020 kilikabili tatizo la kwanza kwa kukilazimisha kila kitu kimtambue mzazi wake kabla ya kutenda. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kulikabili la pili kwa nyenzo ambazo tayari zimo katika kitenzi chake: kiambishi cha ngeli kwa ajili ya mtenda, na kiambishi cha wakati kwa ajili ya toleo. Kazi inayobaki ni ya kuzitumia nyenzo hizo kwa nidhamu, na kuichunguza upya miongozo ya Kiswahili iliyokwisha kuandikwa, kauli moja baada ya nyingine, ili kuona ni hu- ngapi ndani yake zinazostahili kubaki.